Kuhamisha Moshi si Kuuzima

Mkoa wa Singida hufahamika zaidi kwa alizeti, asali na kuku wa kienyeji kuliko kwa umeme. Hata hivyo, hapo ndipo zinapokutana njia kuu mbili za gridi ya taifa. Ya kwanza, yenye msongo wa kilovolti 400, hutoka Iringa, hupitia Dodoma, hufika Singida na kuendelea hadi Shinyanga, umbali wa takribani kilomita 670. Ya pili huanzia Singida, hupita Babati na Arusha, na kufika Namanga kwenye mpaka wa Tanzania na Kenya. Sehemu kubwa ya umeme unaotoka kusini kwenda Kanda ya Ziwa na kaskazini hupita katika mkoa huu. Singida imekuwa njia panda ya umeme wa taifa.

Chini ya nyaya hizo, maisha ya jikoni hayajabadilika sana. Katika kaya nyingi za vijijini, kuanzia Iramba na Mkalama hadi Manyoni na Itigi, chakula bado hupikwa kwa kuni juu ya mafiga matatu, na mijini mkaa ndio unaotawala. Mama hupuliza moto huku mtoto akiwa mgongoni, na wote wawili huvuta hewa ileile. Takwimu zinazotumiwa na Serikali hukadiria kwamba watu wapatao 33,000 hufariki kila mwaka nchini kwa maradhi yanayohusishwa na moshi wa kupikia. Ndiyo sababu Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umeweka lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034. Umeme ni mojawapo ya nishati hizo.

Lengo hilo ni jema, na hakuna tabibu aliyewahi kusikiliza kifua cha mwanamke aliyepika kwa kuni kwa miaka 30 anayeweza kulipinga. Lakini umeme una chanzo chake, na chanzo hicho nacho kinaweza kutoa moshi. Ikiwa jiko la umeme la Singida litapata nguvu kutoka kwenye dohani isiyochujwa kule Ludewa, moshi utakuwa umeondoka kifuani mwa mama mmoja na kuingia kifuani mwa mtoto wa mama mwingine. Huko ni kuhamisha moshi, si kuuzima. Kwa hiyo, kabla Tanzania haijajenga mtambo wake mkubwa wa kwanza wa makaa ya mawe, udhibiti wa moshi wake hauna budi kuandikwa katika mkataba na kuhesabiwa katika bei ya umeme. Na wananchi wa Singida, ingawa dohani hiyo haitasimama kwao, wana haki na wajibu wa kulisema hilo.

Makaa yaliyo ardhini, mipango iliyo mezani

Tanzania ina hazina kubwa ya makaa ya mawe, hasa kusini na kusini magharibi. Kiwira imechimbwa kwa miongo kadhaa na imewahi kuwa na mtambo mdogo wa umeme wa megawati 6. Ngaka, mkoani Ruvuma, hulisha viwanda vya saruji, na baada ya vita vya Ukraine kuanza mwaka 2022 makaa yake yalisafirishwa kwa wingi nje ya nchi kupitia bandari ya Mtwara. Mchuchuma, wilayani Ludewa katika mkoa wa Njombe, ndiyo iliyobeba matumaini makubwa zaidi: mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa liliingia mkataba na kampuni ya Kichina ya Sichuan Hongda wa kuchimba makaa hayo pamoja na chuma cha Liganga, ukiwamo mtambo wa kufua umeme wa megawati 600. Mtambo huo haujajengwa, lakini makaa yameendelea kutajwa katika mipango ya umeme ya taifa.

Wanaoyatetea makaa wana hoja isiyopaswa kudharauliwa. Mwishoni mwa mwaka 2022, na tena mwaka 2023, mabwawa yalipopungua maji nchi iliingia katika mgao wa umeme. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115 na lililoanza kuingiza umeme katika gridi mwaka 2024, limeleta ahueni kubwa, lakini nalo hutegemea mvua. Makaa hayangoji mvua. Yako nyumbani, hayanunuliwi kwa dola, na huleta ajira katika wilaya ambazo hazina viwanda. Mgao wenyewe una madhara ya kiafya: friji ya chanjo huzimika, chumba cha upasuaji hutegemea jenereta, na mashine ya oksijeni ya mtoto njiti husimama. Daktari anayezungumzia makaa bila kuyakiri haya hatasikilizwa, wala hastahili kusikilizwa.

Kinachohitaji kujadiliwa ni hesabu yenyewe. Bei ya umeme wa makaa inayotajwa mezani huwa nafuu kwa sababu sehemu ya gharama yake haiandikwi kwenye ankara ya umeme. Huandikwa kwenye kadi ya hospitali.

Kinachotoka dohani, kinachoingia kifuani

Mtambo wa megawati 600 unaofanya kazi kwa kiwango cha kawaida unaweza kuteketeza takribani tani milioni 1.5 za makaa kwa mwaka. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba makaa hayo yana majivu asilimia 20 na salfa asilimia 1. Majivu yatakuwa tani 300,000, na sehemu kubwa ya majivu hayo, kama asilimia 80, ni mepesi kiasi cha kupaa pamoja na moshi: tani 240,000. Salfa itakuwa tani 15,000, na kwa kuwa kila tani ya salfa inapoungua huzaa tani mbili za gesi ya salfa dioksaidi, dohani itakuwa na tani 30,000 za gesi hiyo za kutoa kila mwaka. Juu ya hayo kuna oksidi za naitrojeni, zinazotokana na joto kali la tanuri, na kiasi kidogo cha zebaki.

Mwili wa binadamu una ulinzi wake. Vumbi kubwa hunaswa na vinyweleo vya pua na ute wa koo, kisha hukoholewa. Lakini chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo ni nyembamba mara nyingi kuliko unywele, hupita ulinzi huo na kutua kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho kabisa wa mapafu. Zile ndogo zaidi huvuka ukuta wa vifuko hivyo na kuingia katika damu. Huko huamsha uvimbe wa ndani katika mishipa, huifanya damu igande kwa wepesi, na kwa hiyo huongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Hili ndilo linalowashangaza wengi: sehemu kubwa ya vifo vinavyosababishwa na hewa chafu hutokea kupitia moyo na ubongo, si kupitia kikohozi. Mgonjwa hulazwa kwa kiharusi, na hakuna anayeiuliza familia yake wanaishi upande gani wa dohani.

Salfa dioksaidi hubana njia za hewa, na kwa mwenye pumu athari hiyo huweza kuonekana ndani ya dakika chache. Ikishapaa angani hubadilika kuwa chembechembe laini za salfeti, ambazo upepo huweza kuzisafirisha mamia ya kilomita. Oksidi za naitrojeni, zikikutana na jua kali kama la Tanzania, husaidia kuzalisha ozoni karibu na ardhi, nayo huwasha mapafu. Zebaki ina njia yake ya pekee: huanguka majini, vijidudu huibadilisha kuwa aina yenye sumu kali zaidi, na samaki huihifadhi miilini mwao. Ludewa imepakana na Ziwa Nyasa. Mama mjamzito anayekula samaki mwenye zebaki haoni dalili yoyote; anayeathirika ni ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Watoto ndio wanaolipa zaidi. Mapafu yao bado yanakua, na kwa kila kilo ya mwili wao huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima. Hewa chafu huhusishwa na watoto kuzaliwa na uzito pungufu, nimonia, na mapafu yasiyofikia ukubwa yaliyostahili kuufikia. Mwaka 2013 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliiweka hewa chafu ya nje katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Mwaka 2021 Shirika hilo lilipunguza kiwango chake cha ushauri cha chembechembe laini kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa mwaka, kwa sababu ushahidi ulionyesha madhara hata pale palipodhaniwa kuwa salama.

Vichujio vipo, kinachokosekana ni tarehe

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya uchafu huo inazuilika kwa mitambo inayojulikana. Vumbi huzuiwa kwa bamba za chuma zenye umeme zinazolivuta, au kwa mifuko mirefu ya kitambaa inayolichuja kama kitambaa cha chai. Salfa dioksaidi huondolewa kwa kuuosha moshi katika mnara wa mchanganyiko wa maji na chokaa, njia inayoweza kuondoa zaidi ya asilimia 90 ya gesi hiyo. Oksidi za naitrojeni hupunguzwa kwa vichomeo maalumu na kwa amonia. Teknolojia hii si ngeni: mtambo wa Battersea jijini London ulikuwa ukiosha moshi wake tangu miaka ya 1930.

Hata hivyo, namba za vichujio zina hila yake. Kichujio kinachozuia asilimia 99 ya vumbi na kinachozuia asilimia 99.9 husikika kama ndugu mapacha. Katika mfano uliotolewa juu, cha kwanza huachia tani 2,400 za majivu kwa mwaka, na cha pili tani 240. Tofauti ya nukta tisa katika karatasi ya zabuni ni mara 10 ya vumbi katika mapafu. Aidha, dohani ndefu si kichujio. Huwaondolea majirani wa karibu moshi na kuwapelekea walio mbali, na kile kinachopaa bado ni kilekile.

Uzoefu wa nchi nyingine unaonyesha kwamba kinachoamua ni lini kichujio kinaandikwa. Afrika Kusini ni shule iliyo karibu. Mwaka 2010 Benki ya Dunia iliikopesha nchi hiyo fedha za kujenga mtambo wa Medupi, na ahadi ya kufunga mitambo ya kuondoa salfa baadaye ilikuwa sehemu ya makubaliano. Mtambo ulikamilika mwaka 2021. Mitambo ya salfa ilikuwa bado haijafungwa. Katika jimbo la Mpumalanga, ambako mitambo mingi ya makaa imesongamana, Serikali ilitangaza eneo la Highveld kuwa la kipaumbele katika usafishaji wa hewa mwaka 2007. Miaka 15 baadaye, Machi 2022, Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua kwamba uchafu wa hewa katika eneo hilo unavunja haki ya kikatiba ya wakazi ya kuishi katika mazingira yasiyodhuru afya zao. Mtoto aliyezaliwa Highveld mwaka lilipotolewa tangazo lile alikuwa yuko sekondari hukumu ilipotoka.

India nayo iliweka viwango vikali mwezi Desemba 2015 na kuipa mitambo miaka miwili ya kujirekebisha. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena, hadi Julai 2025 mitambo mingi ikaondolewa kabisa sharti la kufunga vichujio vya salfa. China, kwa upande wake, ilichukua njia tofauti kuanzia mwaka 2014. Iliweka ukomo wa miligramu 10 za vumbi, 35 za salfa dioksaidi na 50 za oksidi za naitrojeni kwa kila mita ya ujazo ya moshi. Ikafunga vipimo vinavyosoma dohani muda wote. Na ikailipa mitambo iliyotimiza masharti nyongeza ndogo ya bei ya umeme. Uchafu kutoka katika mitambo hiyo ulishuka sana ndani ya miaka michache. Nchi ileile ambayo kampuni zake hutafuta mikataba ya makaa barani Afrika imethibitisha nyumbani kwake kwamba moshi unaweza kudhibitiwa. Hakuna sababu ya Tanzania kukubali mtambo ambao usingeruhusiwa kuwashwa huko ulikotengenezwa.

Somo ni moja. Kichujio kilichomo katika mchoro wa kwanza hujengwa. Kichujio kilichoahidiwa baadaye huahirishwa. Mtambo ukishawashwa, kuuzima ili ufungwe kichujio huonekana kuwa ni kuleta mgao, na hakuna waziri anayetaka kuleta mgao. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mapafu haujengwi upya.

Sheria ipo, itumike mapema

Tanzania haianzi mikono mitupu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi ya aina hii ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007 zimeweka mipaka. Zaidi ya hayo, mahakama za nchi hii zilikwisha kusema jambo kubwa mapema. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, jijini Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya jaa la taka lililowaletea moshi, harufu na nzi. Mahakama iliamuru utupaji wa taka usitishwe. Halmashauri iliporudi kuomba muda zaidi, Jaji Lugakingira alilikataa ombi hilo, akistaajabu kwamba mamlaka ya umma inaweza kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha, na akaihusisha hewa safi na haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Wale hawakuwa wanasayansi. Walikuwa watu waliochoka kukohoa.

Jirani Kenya imeongeza somo la pili. Tarehe 26 Juni 2019, Baraza la Rufani la Mazingira la nchi hiyo lilifuta leseni ya mtambo wa makaa wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Lamu. Miongoni mwa sababu zake, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na tathmini ya athari ilikuwa na mapungufu. Wavuvi na wazee wa Lamu walikuwa wameuliza maswali rahisi: majivu yatawekwa wapi, maji ya moto yatamwagwa wapi, na samaki watakwenda wapi. Tathmini isiyojibu maswali rahisi haiwezi kuaminiwa katika maswali magumu.

Ndipo linapokuja suala la nani anayepaswa kushirikishwa. Kwa desturi, vikao vya maoni hufanyika katika vijiji vinavyozunguka eneo la mradi. Hilo ni sawa, lakini halitoshi. Anayetumia umeme naye ni mshiriki. Mkazi wa Singida atakayewasha taa, kusaga alizeti au kupika ubwabwa kwa umeme wa Mchuchuma atakuwa amenunua, pamoja na umeme huo, sehemu ya moshi wake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, husema wahenga. Na moshi ukiwa wa mwingine huonekana kuwa maendeleo. Busara ya mkoa ambao wake zake wamevuta moshi wa jikoni vizazi kwa vizazi inapaswa kuwa ya kwanza kukataa kuwabebesha wengine mzigo huo.

Upepo unaopita bure

Singida ina sababu nyingine ya kuzungumza. Uwanda wake wa juu ni miongoni mwa maeneo yenye upepo mzuri zaidi nchini kwa kufua umeme. Tangu miaka ya mwanzo ya 2010, wawekezaji walipima upepo huo karibu na mji wa Singida na kupendekeza mashamba ya mitambo ya upepo, moja la megawati 50 na jingine la megawati 100. Miaka imepita, na upepo bado unapita bure. Wakati huohuo Mufindi, mkoani Iringa, mitambo mitatu ya upepo yenye jumla ya megawati 2.4 ilianza kazi, na jirani kule Kishapu, Shinyanga, umeme wa jua umepata mradi wake mkubwa.

Upepo peke yake hauendeshi nchi. Kuna siku hutulia. Lakini miezi ya kiangazi, mabwawa yanapopungua, ndiyo miezi ya kusi, ambapo upepo huvuma kwa nguvu katika nyanda za kati. Kila saa ambayo mitambo ya upepo inafua umeme ni saa ambayo maji ya bwawa yanaweza kuhifadhiwa kwa ajili ya usiku usio na upepo. Na njia ya kilovolti 400 ya kuusafirisha umeme huo imekwisha kujengwa, tena inapita mlangoni. Hakuna dohani ya kuchuja, hakuna majivu ya kuzika, na hakuna hewa ya ukaa, ambayo hata vichujio bora vya mitambo ya makaa vilivyoelezwa hapa haviizuii, na ambayo huchangia kuvuruga mvua zilezile ambazo mkulima wa mtama wa Singida huzingojea.

Haimaanishi kwamba upepo utashinda kila hesabu. Inamaanisha kwamba hesabu ifanywe kwa haki. Makaa yahesabiwe pamoja na gharama ya vichujio, maji na chokaa vinavyohitajika, mabwawa ya majivu, na matibabu ya watakaougua. Upepo uhesabiwe pamoja na gharama ya siku zake za utulivu. Kisha taifa lichague likiwa linaona bei zote mbili kamili. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, ambayo hupitia bei za umeme, ndiyo yenye nafasi ya kudai hesabu hiyo.

Yanayowezekana kufanywa sasa

Kuna hatua zinazoweza kuchukuliwa kabla jiwe la msingi halijawekwa, na zote ziko ndani ya uwezo wa nchi.

Kwanza, mkataba wowote wa mtambo wa makaa utaje kwa namba ukomo wa vumbi, salfa dioksaidi, oksidi za naitrojeni na zebaki, na utamke wazi kwamba mtambo hautawashwa hata siku moja bila vichujio vyote kufanya kazi. Neno «baadaye» lisiwemo katika kifungu hicho.

Pili, hewa na afya za wakazi zipimwe kabla ya ujenzi. Bila kipimo cha mwanzo, mwekezaji atasema kikohozi kilikuwapo tangu zamani, na hakuna atakayeweza kumbishia. Vituo vya afya vya Ludewa na kandokando ya Ziwa Nyasa vianze kuweka kumbukumbu nzuri za pumu, nimonia ya watoto, shinikizo la damu, kiharusi na uzito wa watoto wanaozaliwa. Vyuo vikuu vya afya vina wataalamu na wanafunzi wa kuifanya kazi hiyo, na kwa gharama ndogo kuliko ya kilomita moja ya barabara ya mgodini.

Tatu, dohani ifungwe vipimo vinavyosoma muda wote, na matokeo yawekwe hadharani kila siku, kwa Kiswahili, mahali ambapo mwalimu wa shule ya msingi na mwenyekiti wa kijiji wanaweza kuyasoma. Faini ihesabiwe kwa siku, iwe kubwa kuliko faida ya kuvizima vichujio usiku, na sehemu yake iende katika mfuko wa afya wa wilaya husika.

Nne, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liwe na madaktari katika jopo linalopitia tathmini za miradi ya nishati. Mhandisi anajua kiasi kinachotoka. Daktari anajua kinachotokea kikishaingia mwilini. Ripoti yenye upande mmoja tu ni nusu ya ripoti.

Tano, jitihada za jikoni zisisubiri. Jiko banifu, gesi, umeme na dirisha kubwa zaidi huokoa maisha leo, kabla mabishano ya megawati hayajaisha. Mpango mzuri wa nishati huondoa moshi katika ncha zote mbili za waya.

Desemba 1952, ukungu mzito wa moshi wa makaa uliifunika London kwa siku tano. Sehemu ya moshi huo ilitoka katika mekoni na majumbani, sehemu ilitoka katika viwanda na mitambo ya umeme. Hesabu ya kwanza ilitaja vifo 4,000. Tathmini za baadaye zimevipandisha hadi takribani 12,000. Sheria ya hewa safi ilipitishwa mwaka 1956. Waingereza walihitaji kuwahesabu waliokufa ndipo waandike sheria. Tanzania imepata bahati ambayo wengine hawakuipata: makaa yake mengi bado yako ardhini, mikataba yake bado inaweza kuandikwa upya, na mtoto wa Ludewa ambaye mapafu yake yangelipia kosa hilo pengine bado hajazaliwa.

Siku jiko la umeme litakapowashwa katika nyumba ya mama wa Ikungi, naye akapika bila kufuta machozi, itakuwa siku ya kushukuru. Astahili kula chakula hicho akijua kwamba hakuna mwenzake, kando ya Ziwa Nyasa, anayekohoa kwa niaba yake.